Lowell: Mji uliotuvika merikani na makumbusho yake yaliyofungwa

Juni 2016, bodi ya American Textile History Museum, makumbusho ya historia ya nguo yaliyokuwa mjini Lowell, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ilitangaza kwamba yanafungwa moja kwa moja. Yalikuwa na umri wa miaka 56. Kumbi za maonyesho zilikuwa zimeshafungiwa wageni tangu mwisho wa 2015, na kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta pa kupeleka magurudumu ya kusokotea uzi, mitambo ya kufumia, mavazi, vitabu vya sampuli na makaratasi yaliyokusanywa kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa wasomaji wa Boston, hiyo ilikuwa habari ya mji jirani uliozoea kufungiwa vitu. Kwa msomaji wa Unguja, Bagamoyo, Tabora au Mombasa, habari hiyo inagusa karibu zaidi. Katika karne ya 19, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts ndicho kilichokuwa fedha ya njia za misafara kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kililipa hongo, yaani ushuru wa kupita njiani, kilinunua pembe za ndovu, kilitolewa mahari na kilivishwa maiti. Sehemu ya historia yetu iliandikwa katika daftari za viwanda vile, na makumbusho haya yalikuwa miongoni mwa mahali daftari za aina hiyo zilipotunzwa.

Mto, mifereji na kengele ya alfajiri

Jina la mji linatokana na Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston aliyekwenda Uingereza mwaka 1810, akatembelea viwanda vya nguo na kuyaweka kichwani aliyoyaona. Serikali ya Uingereza ilikuwa imepiga marufuku kutoa nje mitambo ya nguo na michoro yake, kwa hiyo kichwa ndicho kilichokuwa sanduku la pekee lisilopekuliwa bandarini. Aliporudi, yeye na fundi Paul Moody waliunda mtambo wa kufumia unaoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kufikia 1814 kiwanda chao cha Waltham kilikuwa kikipokea pamba mbichi na kutoa kitambaa kilichokamilika chini ya paa moja. Lowell alifariki mwaka 1817, kabla ya kuuona mji uliopewa jina lake.

Washirika wake walitaka maji mengi kuliko yaliyopatikana Waltham. Waliyapata kwenye maporomoko ya Pawtucket, ambako Mto Merrimack unashuka takriban mita 10. Kampuni ya Merrimack ilianza kutoa nguo mwaka 1823, mji ukasajiliwa 1826, na kufikia 1850 ulikuwa na watu wapatao 33,000, ukiwa wa pili kwa ukubwa katika jimbo baada ya Boston. Mifereji yenye urefu wa jumla wa kilomita 9 iligawa maji kwa viwanda vilivyojipanga kando ya mto.

Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa mabinti wa wakulima wa New England. Walilala katika mabweni ya kampuni chini ya uangalizi wa matroni, wakaamshwa kwa kengele kabla ya jua kuchomoza, na kwa wastani walifanya kazi saa 73 kwa wiki. Mwandishi Charles Dickens, aliyepita Lowell mwaka 1842, alistaajabu kukuta piano katika mabweni na jarida la The Lowell Offering lililoandikwa na mabinti hao wenyewe. Lakini piano haikuwazuia kugoma. Mwaka 1834 waliacha mitambo baada ya kutangaziwa kwamba ujira utapunguzwa kwa asilimia 15, na mwaka 1836 wakatoka tena, safari hii zaidi ya 1,500, kwa sababu kodi ya mabweni ilipandishwa. Miaka ya 1840 mmoja wao, Sarah Bagley, aliongoza chama cha wanawake kilichodai siku ya kazi ya saa 10.

Pamba yenyewe ilitoka kusini mwa Marekani, ikilimwa na kuchumwa na watumwa wa asili ya Afrika. Baadhi ya kitambaa kilirudi huko huko: nguo nzito isiyo na urembo, iliyojulikana mashambani kwa jina la Lowell, iliyonunuliwa na mabwana kuwavisha watumwa wao. Kitambaa kingine kilipakiwa melini kuelekea Bahari ya Hindi.

Kutoka Merrimack hadi Unyanyembe

Bandari ya Salem ipo mwendo mfupi kutoka Lowell. Mabaharia wake walianza kufika Zanzibar katika miaka ya 1820, wakitafuta pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na baadaye karafuu. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli 41 za kigeni zilitia nanga Unguja; 32 kati yake zilikuwa za Marekani, na 20 zilitoka Salem peke yake. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara uliowawekea Wamarekani ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa wanazoshusha. Konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, aliwasili mwaka 1837, miaka minne kabla Uingereza haijaweka wa kwake. Waters alielewana upesi na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodishwa forodha ya Zanzibar, na mizigo ya Salem ikapitia mikononi mwao.

Walichokuwa nacho Wamarekani, na ambacho wengine hawakukipata kwa ubora ule kwa bei ile, kilikuwa merikani: kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, chenye rangi yake ya asili. Kilifumwa Lowell na miji mingine ya Massachusetts, na kuanzia mwaka 1847 Salem nayo ilikuwa na kiwanda chake cha mvuke, Naumkeag. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma meli yake, Sultana, hadi New York chini ya Ahmad bin Naaman, na shehena ya kurudi ilikuwa na marobota ya kitambaa hicho. Picha ya Ahmad bin Naaman iliyochorwa na Edward Mooney wakati wa ziara hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Peabody Essex huko Salem.

Kwenye misafara, merikani ilikuwa na vipimo vinavyojulikana na kila mtu. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane ilikuwa doti, na kitambaa kizima kilichokunjwa kiliitwa jora. Kabla ya safari, majora yalibanwa na kufungwa kama mto mrefu wa kitandani, yakakazwa kwa fito ili mzigo usipinde begani mwa mpagazi, uzito ukiwa yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mzigo ukifika Unyanyembe, eneo la Tabora, ulikuwa umepanda thamani, maana kila mtemi njiani alikuwa amechukua hongo yake, na kila siku ya kusubiri ilikuwa imelipiwa chakula kwa kukata shuka.

Wanunuzi wa bara hawakuwa watu wa kupokea chochote. Viwanda vya Uingereza viliona Wamarekani wanavyotajirika, vikaiga kitambaa hicho pamoja na alama zake, lakini wateja walishika, wakavuta, wakakataa. Wafanyabiashara waliandika barua kutoka Zanzibar kwenda Massachusetts wakieleza upana, uzito na chapa inayotakiwa, na viwanda vikarekebisha. Kwa maneno mengine, mtu wa Tabora ambaye hakuwahi kuisikia Lowell alikuwa na kauli katika kilichofumwa kule.

Biashara hiyo ilikuwa na waliopoteza. Mwambao na bara vilikuwa na wafumaji wao muda mrefu kabla ya Salem. Wanaakiolojia wamefukua Kilwa vitufe vya udongo vya pia za kusokotea uzi, ushahidi kwamba pamba ilisokotwa pale karne nyingi zilizopita. Wafipa karibu na Ziwa Rukwa walifuma nguo nzito za pamba, Wanyamwezi walikuwa na mitambo yao ya mkono, na Mogadishu ilijulikana kwa nguo zake za Benadir. Kitambaa cha kiwandani kilipoingia kwa wingi, fundi aliyetumia siku nyingi kufuma nguo moja hakuwa na cha kushindania. Wafumaji wa Benadir walijitahidi zaidi na wakadumu; kwingine ufumaji ulififia hadi ukabaki katika kumbukumbu za wazee na makabati ya makumbusho.

Vita ya Marekani, dukani Zanzibar

Mwaka 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ilizuka Marekani. Majimbo ya kusini yaliyolima pamba yalijitenga, jeshi la maji la kaskazini likafunga bandari zao, na viwanda vya Lowell vikakosa malighafi. Baadhi ya wamiliki waliuza akiba yao ya pamba kwa bei ya juu na kuwaachisha wafanyakazi. Zanzibar ilihisi pengo hilo mara moja: merikani ikaadimika, bei ikapaa, na wafanyabiashara wakajaza ghala kwa nguo za Uingereza na India. Vita iliisha 1865, lakini Lowell haikurudi kwenye nafasi yake. Katika miongo iliyofuata viwanda vya Bombay, vilivyokuwa karibu na vyenye gharama ndogo, vilichukua soko hilo, vikiuza kitambaa kile kile kwa jina lile lile.

Wakati huo huo mavazi ya mwambao yalikuwa yanabadilika. Watumwa na maskini wa Zanzibar walivaa merikani na kaniki, na wengi walipopata uhuru wao, hasa baada ya utumwa kufutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, hawakutaka tena kuonekana ndani ya vazi hilo. Kanga, iliyochipuka katika robo ya mwisho ya karne ya 19, ikashika nafasi yake kwa rangi, mapambo na hatimaye maandishi. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zinajulikana kama "Mali ya Abdulla", lilikuwa limefunguliwa mwaka 1887. Merikani ikarudi nyuma, ikabaki nguo ya sanda, ya bitana na ya kupimia mishono.

Makumbusho yazaliwa viwanda vikifa

Lowell iliishi vizuri kwa miongo mingine kadhaa, ikipokea Waairishi, Wakanada wa Kifaransa, Wagiriki, Wareno na Wapolandi. Kuanzia miaka ya 1920 mtaji wa nguo ulianza kuhamia kusini mwa Marekani, karibu na mashamba ya pamba na kwenye ujira mdogo. Kiwanda kikubwa cha Boott kilizima mitambo mwaka 1955. Majengo ya Merrimack, kampuni iliyouanzisha mji, yalibomolewa.

Ilikuwa katika kipindi hicho cha kubomoa ndipo makumbusho yalipoanzishwa, mwaka 1960, katika mji jirani wa North Andover, kwa jina la Merrimack Valley Textile Museum. Mwanzilishi wake alikuwa Caroline Stevens Rogers, binti wa ukoo wa Stevens ulioendesha viwanda vya sufu katika bonde hilo tangu mwaka 1813. Baba yake, Samuel Dale Stevens, alikuwa amekusanya magurudumu ya kusokotea na zana nyingine za enzi za kufuma kwa mkono. Binti alipanua wazo la baba: badala ya zana za kale tu, makumbusho yakakusanya mashine za viwandani, vitabu vya sampuli, picha, katalogi na hesabu za kampuni zilizokuwa zinafunga milango moja baada ya nyingine.

Kitabu cha sampuli kinafaa kuelezwa, maana ni kitu ambacho watu wengi hawajawahi kukishika. Ni daftari nene, kila ukurasa umebandikwa vipande vidogo vya kitambaa, na pembeni pameandikwa namba ya mtindo, hesabu ya nyuzi na rangi. Mtafiti akitaka kujua kitambaa fulani kilikuwa kizito kiasi gani, kitabu hicho kinamjibu kuliko barua yoyote, kwa sababu kitambaa chenyewe kipo pale, anaweza kuhesabu nyuzi za mtande na za mshindio kwa lenzi. Mkusanyo wa makumbusho ulikua hadi kufikia mamilioni ya vipande vya nguo na sampuli, na maktaba yake ikawa mojawapo ya rejea kuu duniani kuhusu historia ya nguo.

Miaka ya 1990 wakuu wake waliamua kuhamia Lowell kwenyewe. Walinunua jengo la zamani la Kitson Machine, karakana iliyotengeneza mashine za hatua ya kwanza kabisa kiwandani: zile zinazopokea robota la pamba lililoshindiliwa, kulifumua, kuipiga pamba hadi iachie majani na vumbi, kisha kuitandaza iwe tabaka laini tayari kwa kuchanwa. Mwaka 1997 makumbusho yalifunguliwa humo. Mgeni aliweza kuona gurudumu la bibi wa shambani, chumba cha mitambo ya chuma, na katika maonyesho mapya yaliyozinduliwa 2009, vitambaa vya teknolojia ya kisasa.

Historia hailipi bili ya umeme

Kwa nini basi yalifungwa? Jengo lilikuwa kubwa, na jengo kubwa la matofali katika mji wa theluji linahitaji joto miezi mingi ya mwaka. Nguo za kale haziwezi kuachwa kwenye unyevu, nondo au mwanga mkali, kwa hiyo ghala nalo linataka hewa inayodhibitiwa usiku na mchana. Viingilio vya wageni havikutosha kulipia hayo, na mapengo ya kila mwaka yakawa yanakula akiba. Sehemu ya jengo iligeuzwa nyumba za kuuza ili kupata fedha, lakini nyumba huuzwa mara moja, gharama hurudi kila mwezi.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyozaliwa pamoja na makumbusho. Yalitegemea wafadhili wa ukoo na wa tasnia, na tasnia hiyo ndiyo iliyokuwa inakufa. Kampuni iliyohamia kusini, kisha ikahamia Asia, haina sababu ya kuchangia kumbukumbu za mji iliouacha. Miaka ilivyopita, watu waliokuwa na fedha pamoja na mapenzi na nguo za Merrimack walipungua.

Jambo la kufundisha zaidi ni kwamba jirani yake hakufa. Mwaka 1978 Bunge la Marekani liliunda Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Lowell, kwa msukumo mkubwa wa Paul Tsongas, mwana wa mji huo aliyekuwa mbunge. Ndani ya hifadhi hiyo, mwaka 1992, yalifunguliwa makumbusho katika kiwanda kile kile cha Boott kilichozimwa 1955. Ukumbi wake una mitambo 88 ya kufumia, baadhi yake huendeshwa kwa kelele inayowalazimu wageni kuziba masikio. Mji mmoja, historia moja, wageni wale wale. Tofauti ni kwamba mmoja analipwa kutoka bajeti ya serikali kuu na mwingine alijitegemea. Aliyejitegemea ndiye aliyekuwa na hazina kubwa ya vitu, na ndiye aliyeanguka.

Hata hivyo, aliangukia mahali laini. Mali ya taasisi ya hisani haigawanywi kama ya kampuni iliyofilisika. Vitu hutafutiwa taasisi nyingine zitakazovitunza. Maktaba, yenye makumi ya maelfu ya vitabu, katalogi, picha na nyaraka, ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Cornell, katika kituo chake cha nyaraka za kazi na wafanyakazi. Nguo, zana na mashine ziligawiwa makumbusho na vyuo mbalimbali. Kilichopotea ni ule umoja: mtafiti wa leo hapati tena mashine, kitambaa kilichotoka kwenye mashine hiyo, na daftari la aliyekiuza, vyote ndani ya jengo moja.

Na viwanda vyetu?

Safari ya Lowell inafanana na yetu kwa namna inayopaswa kutusumbua. Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968 na kikawavika Watanzania kanga na vitenge kwa kizazi kizima. Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Rivatex ya Eldoret, Kicomi ya Kisumu na Nytil ya Jinja zilikuwa na mabwalo ya chakula, timu za mpira, na wachoraji wa mitindo ambao kazi zao zilivaliwa harusini na msibani. Miaka ya 1980 na 1990, kwa uhaba wa vipuri na fedha za kigeni, kisha milango ya soko kufunguliwa na mitumba kufurika, vingi vilidorora, vikafungwa au vikabinafsishwa. Rivatex ilibahatika kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007.

Kiwanda kikiuzwa, mnunuzi huhesabu kiwanja, mashine na madeni. Michoro ya kanga, skrini za kuchapia, daftari za mishahara na vitabu vya sampuli havimo katika hesabu hiyo. Chuma huenda kwa wauza chakavu, karatasi huenda kwa mchwa. Baada ya hapo mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya mfumaji wa Ubungo au mchoraji wa Kisumu hutegemea bahati ya kumkuta mstaafu mwenye kumbukumbu nzuri na sanduku chini ya kitanda.

Tusidhani pia kwamba kuwa na jengo la serikali ni kinga tosha. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 na baadaye kugeuzwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Boott imedumu kwa sababu kila mwaka kuna fungu lake la matengenezo; jina la mwenye jengo peke yake halizibi ufa.

Lowell ya leo ina Wakambodia wengi, na Wakenya ni miongoni mwa jamii za Kiafrika zilizostawi humo. Mtoto wa Kikenya anayesoma Massachusetts anaweza kupelekwa na mwalimu wake kwenye mitambo ya Boott, kisha akapanda basi hadi Cornell kutafuta kumbukumbu za nguo za enzi ambayo babu wa babu yake alibeba jora begani. Binamu yake wa Kisumu akitaka kufanya hivyo hivyo juu ya Kicomi, atapelekwa wapi?

Kuanza si lazima kungoje jumba jipya wala mfadhili wa nje. Chuo kikuu kimoja, au idara moja ya nyaraka, ikitenga chumba kikavu chenye rafu, ikaajiri mtu wa kuorodhesha, na ikaviandikia viwanda vilivyobaki kuomba vitabu vya sampuli kabla havijatupwa, itakuwa imeokoa sehemu kubwa. Kisha ifanye lile ambalo bodi ya Lowell ililazimika kulifanya mwishoni: iandike tangu siku ya kwanza vitu hivyo vitakwenda kwa nani, siku mwenye chumba atakapoishiwa fedha.